Kaitwa "Mzito" Shuleni, Makopo ya Mchele Yakasema Ukweli

Leo stori za nani kaachana na nani naziweka pembeni kidogo. Najua wengi mmekuja mkitegemea muendelezo wa ile ya msanii wetu (jina kapuni) na gari la kuazima. Itakuja, msijali.

Wiki iliyopita kuna mrembo mmoja wa Bongo Movie, jina nalihifadhi, aliweka video ya chumba cha mwanae. Midoli imepangwa ukuta mzima kama duka la Kariakoo. Jiko la plastiki lipo, gari la betri la mtoto kupanda na kuendesha lipo, na tableti ya kujifunzia ipo. Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu. Mimi sina wivu, kila mtu na riziki yake. Kilichoniuma ni maoni ya chini yake. Mama mmoja wa mkoani aliandika kwamba ndiyo maana watoto wa huku hawana akili za darasani, hawana vitu vya kujifunzia. Wenzake kibao wakamuunga mkono.

Nikasema hapana. Hili la mtoto kukosa akili kwa sababu mama hana hela, ngoja tuliongee vizuri, maana mwaka huu limeingia mpaka nyumbani kwetu.

Alivyofika kwangu

Kwa msioijua Ifakara, huku ni bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, na maisha yetu ni mpunga. Ule mchele unaonukia mnaousifia mijini unatoka huku. Mvua zikishika, familia nyingi zinahamia shamba kabisa. Unakuwa na nyumba ya mjini na kibanda cha shamba, na huko shamba mtu anakaa miezi. Kuna kupalilia, kuna kuamia ndege, halafu kuvuna. Mpunga ukishatoa masuke, kweleakwelea hawana huruma hata kidogo. Kwa hiyo watoto nao wanabebwa, na mtoto wa miaka mitano anakaa juu ya dungu na debe lake anapiga kelele toka alfajiri.

Dada yangu na shemeji wana shamba upande wa Mbingu. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alianza darasa la awali mwezi wa kwanza. Kufika mwezi wa tatu dada akaitwa shuleni, sitaitaja ni ipi. Akaambiwa, "Mama, huyu mtoto wako ni mzito. Haelewi, na hajibu."

Mzito. Neno moja tu, lakini dada alirudi nalo nyumbani kama kabebeshwa gunia. Shemeji akasema kama mambo ndiyo hayo, basi twende naye shamba akaamie ndege, mwakani tutamjaribu tena. Wala hakusema kwa ubaya. Shamba lilihitaji mikono, na shule ilishasema yake.

Nikamwambia dada, niachieni mimi. Mama yupo nyumbani, na binti yangu wa miaka minne anatafuta mtu wa kucheza naye. Dada akanijibu, "Utamuweza mdogo wangu? Huyu ukimtuma anakuangalia tu kama hajasikia."

Hayo maneno yake mtayakumbuka huko mbele.

Simu kwanza tuliiweka kabatini

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, sijasomea ualimu. Nina kibanda cha miamala ya simu na hii blogu yangu mnayoisoma. Kwa hiyo ninayowaambia hapa sio ya chuoni, ni tuliyoyafanya uani kwetu, mchana wakitoka shule na siku za Jumamosi.

Siku za mwanzo mtoto alikuwa anataka simu tu. Ukimpa, anakaa kimya saa mbili. Watu wanasema ndiyo utulivu, mi naona ni mtoto kazimwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Sisemi vipindi vyote ni vibaya. Vya kwetu vizuri vipo, Ubongo Kids inaoneshwa toka 2014 na watoto wanaipenda kweli. Lakini video haikuulizi swali ikasubiri jibu lako. Wala haijui kwamba leo umekasirika.

Basi tukaanza na tulivyokuwa navyo.

1. Gari la ndala

Hii wakubwa wote mnaijua, sema tumewaachia vijiji wakati na mjini inawezekana. Chukua ndala zilizokatika. Weka kizibo cha chupa kubwa ya maji juu yake, chora duara, halafu wewe mkubwa ukate kwa kisu. Mtoto asikate. Toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Ekseli ni vijiti vya matete, bondeni huku yamejaa tele. Bodi ni chupa ya maji ya lita moja au boksi la maziwa. Kamba mbele, safari imeanza.

Wakati mnatengeneza, ongea. "Tuna matairi mangapi? Bado mangapi? Hili kubwa, hili dogo, tukiyafunga pamoja gari litaendaje?" Msiwape jibu. Sisi tulifunga tairi moja kubwa makusudi, gari likawa linaenda upande. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mtoto wa dada hakucheka. Aliligeuza gari, akalitazama, akachomoa lile tairi kubwa, akaenda kutafuta ndala nyingine. Hakuna aliyemwambia.

Nikabaki namtazama. Huyu ndiyo mzito?

2. Vizibo na trei la mayai

Jirani wa kibanda changu ana grosari. Kila asubuhi anafagia vizibo vya soda na bia. Nikamwambia kaka, usitupe, nipe mimi. Vioshe kwa maji ya moto na sabuni, halafu vigonge pembeni kwa jiwe ili yale meno yasikate vidole. Tafuta trei la mayai kwa muuza chipsi. Trei lina mashimo 30, mistari 6 ya matano matano. Hapo tayari una darasa la hesabu na hujatoa hata shilingi mia.

Mnaanza kwa kupanga rangi. Vyekundu huku, vya bluu kule. Siku nyingine mnajaza mstari mmoja mmoja huku mnahesabu kwa sauti. Baadaye unaandika namba ndani ya mashimo kwa maka peni, mtoto anaweka idadi anayoiona. Akizoea, andika herufi juu ya vizibo. Kiswahili chetu kina raha moja: ukijua a, e, i, o, u na ukajua ba, be, bi, bo, bu, unaanza kusoma. Mtoto anapanga vizibo viwili "ba" na viwili tena "ba", kasoma neno "baba" kwa mikono yake.

Kupanga rangi mtoto wa dada alikuwa anamshinda kila mtu, hata mimi. Ila kuna kitu nilikiona. Nikimwambia nikiwa nimeinama, "weka vitatu," anaacha mikono, ananitazama mdomoni. Nikirudia huku naonesha vidole, anaweka vitatu sawasawa. Nikasema labda aibu. Ni mgeni, atazoea.

3. Udongo

Unga wa ngano na chumvi unafaa pia kwa kufinyanga, ila kwetu unga ni chapati, hatuchezei. Udongo wa mfinyanzi ni bure. Kuufuata mtoni tunaenda sisi wakubwa, watoto hapana. Mto Kilombero una mamba na viboko, hamna mzaha hapo. Ukifika nyumbani toa mawe na mizizi, ukande kama unga mpaka ulainike, ufunike na kitambaa kibichi. Utakaa siku kadhaa bila kukauka.

Wape watoto wavingirishe nyoka. Nyoka mmoja ukimkunja ni "o", ukimnyoosha na kumwekea kichwa ni "i". Wakimaliza herufi waache wafinyange wanachotaka. Vikaushe kivulini, ukiweka juani siku ya kwanza vitapasuka vyote. Kuna mama atasema mwanangu atachafuka. Ni kweli, atachafuka, na ataoga. Vidole vinavyofinyanga ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtoto anayeshindwa kuandika sio lazima awe hajui herufi, wakati mwingine vidole tu havijapata nguvu.

Mtoto wa dada alifinyanga kambale. Na sio kambale wa kubahatisha, alimuweka mpaka zile ndevu kwa njiti za fagio. Mama yangu akamuweka dirishani, na mpaka leo yupo.

4. Kusuka na bibi

Hii ni ya mama yangu, mimi sina uvumilivu nayo. Yeye anasuka mikeka ya ukindu. Kwa watoto alianza na vipande vya boksi: kata utepe mipana ya vidole viwili, wa rangi mbili, tandika mmoja mmoja, halafu unapitisha mwingine juu, chini, juu, chini. Kama boksi hamna, magazeti yaliyokunjwa yanatosha. Mtoto anajifunza kwamba vitu vina mpangilio, na ukikosea mstari wa tatu utauona kwenye mstari wa tano, inabidi ufumue. Hesabu yote iko hapo.

Wakati wa kusuka mtoto wa dada anajilaza kwenye paja la bibi. Siku moja mama akaniita, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hili sikio la huyu mtoto linanuka. Na mto anaolalia una alama." Nikamwangalia, kwa nje hamna kitu. Nikasema tutamsafisha vizuri. Mama akasema, "Sio uchafu wa kuosha huo."

5. Makopo ya sauti

Sasa hapa ndipo penyewe.

Mchezo ni rahisi. Chukua chupa ndogo sita zinazofanana, zifunike kwa karatasi nje ili ndani pasionekane. Mbili weka mchele, mbili maharage, mbili changarawe. Funga vizibo kabisa na gundi juu yake. Mtoto anatikisa moja, anasikiliza, anatafuta mwenzake. Wakikua unawabadilishia: mchanga na chumvi, mtama na ulezi, vinakaribiana kabisa.

Binti yangu, na udogo wake, alipatia pea zote tatu siku ya pili. Mtoto wa dada, yule aliyerekebisha gari bila kuambiwa, alikuwa anatikisa chupa ya mchele, anaiweka chini, anachukua nyingine, anaiweka chini. Zote kwake sawa. Ya changarawe tu ndiyo aliipatia, na nilimuona anaipima uzito mkononi, sio sikioni.

Nikabadilisha mchezo. Nikamfunga macho kwa khanga, nikakaa nyuma yake. "Ukisikia, onesha upande." Nikatikisa changarawe kulia, akaonesha kulia. Nikatikisa kushoto, akaonesha kulia. Nikarudia kushoto, kulia tena. Nikachukua chupa ya mchele, nikaitikisa kushoto karibu kabisa na sikio. Hakuonesha popote. Alikaa tu na mikono yake mapajani, anasubiri nianze.

Mama alikuwa mlangoni anatuangalia. Hatukuongea. Yeye akaingia ndani kutafuta kadi ya kliniki, mimi nikaenda kufunga kibanda.

Hospitali daktari alimulika masikio yote mawili. La kushoto lilikuwa na usaha wa muda mrefu na ngoma ya sikio imetoboka. La kulia lilikuwa na majimaji kwa ndani, linasikia ila sio vizuri. Akatuuliza kama mtoto aliugua mafua ya kujirudia akiwa mdogo. Ndiyo, aliugua sana. Tukaambiwa hiyo ndiyo njia ya kawaida: mafua yanapanda kwenye sikio, sikio linauma, mtoto analia usiku, linatoa maji, maumivu yanaisha, na watu wanadhani kapona.

Akasafishwa, akapewa dawa ya matone, tukakatazwa kabisa maji yasiingie sikioni, na tukapangiwa siku za kurudi. Tuliuza kuku wawili siku hiyo na sijutii hata unyoya.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na magonjwa ya masikio kama hili yamo humo. Yaani zaidi ya nusu, wadau.

Simu ya shamba

Kumpata dada kule shamba mpaka apande kichuguu ndiyo mtandao ushike. Nilimwambia kwa kifupi kwa sababu salio la chaji yake lilikuwa dogo. "Dada, mtoto sio mzito. Hasikii."

Kimya. Nikadhani simu imekata. Halafu nikasikia anamwambia shemeji pembeni, "Eti hasikii." Na shemeji, mtu ambaye haongeagi sana, akachukua simu akaniuliza swali moja, "Tangu lini?" Nikamwambia daktari anasema ni muda mrefu. Akasema, "Nilikuwa namchapa kwa kutosikia." Akarudisha simu kwa dada.

Hiyo sentensi ya shemeji ndiyo imenifanya niandike haya yote. Ameniruhusu niiweke. Alisema, "Andika, shemeji, labda kuna baba mwingine."

Maana hebu fikirieni. Mtoto hasikii vizuri tangu mdogo, na yeye mwenyewe hajui, kwa sababu hajawahi kusikia vingine. Hawezi kuja kukwambia mama, mimi sisikii. Ataonekana mkaidi, mvivu, mjinga. Darasani anakaa nyuma, limejaa, kelele juu ya kelele. Mwalimu anasema kitu, wenzake wanafungua daftari, na yeye anaangalia wenzake ndipo anafungua. Kila siku yuko nyuma hatua moja, na hiyo hatua inaitwa uzito.

Mwalimu simlaumu kivile. Nilikwenda kumuona na karatasi ya hospitali, akaisoma mara mbili. Kesho yake mtoto akahamishiwa mstari wa mbele, sikio la kulia likamuelekea yeye. Haikugharimu kitu.

Sasa hivi yukoje?

Najua mtauliza. Sio kwamba amekuwa bingwa wa darasa, hapana. Sikio la kulia limepata nafuu kubwa, la kushoto bado tunarudi hospitali na daktari anasema tutakwenda taratibu. Jina lake anaandika, ila herufi moja inatazama huko, nyingine kule. Vizibo anahesabu mpaka arobaini na kitu, halafu anachoka, anaviendesha kama magari.

Ila anaongea! Yule mtoto kimya ameisha kabisa. Treni ya TAZARA ikipiga honi usiku anauliza inaenda wapi, imebeba nini, dereva analala saa ngapi, mpaka bibi yake anamwambia mjukuu wangu, lala na wewe. Kumbe maswali alikuwa nayo yote, yalikuwa yamekaa tu ndani.

Kwa hiyo midoli ina shida gani?

Haina shida. Ukiwa nazo nunua, mtoto afurahi. Mimi ninachosema kwa yule mama wa kwenye maoni ni kwamba sio midoli inayomfundisha mtoto. Kinachomfundisha ni wewe kukaa chini naye, mkono kwa mkono, ukaona anachofanya. Chumba chenye midoli mia moja kinaweza kuwa na mtoto asiyesikia na hakuna aliyegundua, kwa sababu midoli inalia yenyewe na kuwaka yenyewe, na mkubwa yuko chumba kingine. Chupa zetu za mchele hazina betri. Lazima mtu akae nyuma ya mtoto azitikise, na huyo mtu ndiye atakayeona.

Hata serikali inalisema hili kwa maneno yake. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 mpaka 8. Ndani yake kuna mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio, kwa Kiswahili cha uani kwetu, ni mtoto akikupa ishara, umuone, umjibu. Kumtazama mtu mdomoni ilikuwa ishara.

Kabla hujaanza, usalama

Haya nayaomba myasome vizuri.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe vizibo, maharage wala changarawe. Vinaenda mdomoni, puani na sikioni. Wakubwa wakicheza, mdogo akae kwako.

Zile betri ndogo bapa kama sarafu zinazotoka kwenye saa na midoli mibovu, usimuachie mtoto hata dakika. Akimeza zinaunguza kwa ndani, kimbia hospitali. Na mawe ya tochi yaliyokwisha msiyavunje kupata rangi nyeusi. Mkaa upo, unachora vizuri tu kwenye boksi.

Kisu, msumari wa moto na nyundo ni vya mkubwa.

Na masikio: usimwagie mafuta ya moto, usikamulie maziwa, usiingize njiti za pamba wala ya kiberiti. Sikio likitoa maji au harufu, hata kama haliumi, hata kama jirani kasema litaacha lenyewe, mpeleke mtoto akamulikwe. Huo mchezo wa chupa sio kipimo cha daktari. Mtoto anaweza kushindwa kwa sababu kachoka au kanuna. Lakini ukirudia siku tatu na upande ni ule ule, usikae nyumbani.

Kwa usiye na muda

Najua kuna mtu anasema mwenzetu una kibanda chako, sisi tunatoka saa kumi na moja alfajiri tunarudi giza. Nakuelewa. Dada yangu alikuja mara moja wakati wa kuamia, akachukua trei moja la mayai na mfuko wa vizibo, akavipeleka shamba kwa mdogo wake huyu kijana, mwenye miaka mitatu na nusu. Wanacheza chini ya dungu, yeye anapiga debe huku jicho liko kwa mtoto. Dakika kumi na tano jioni wakati maharage yanachemka zinatosha. Ukipepeta mchele, mpe mtoto achague chuya akuhesabie. Ukianika nguo, apange soksi pea pea. Hata mpira wa matambara, toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 watoto wengi wanasokota kwa matambara na kamba, mkae msokote wote. Kazi ni ile ile uliyokuwa uifanye, umeongeza mtoto na maongezi tu.

Na jioni ya leo, kabla hujalala, fanya kimoja. Weka mchele kidogo kwenye chupa, funga, simama nyuma ya mwanao, tikisa kulia, tikisa kushoto. Akigeuka kote, mshukuru Mungu na mcheze zaidi. Asipogeuka, usimwite mzito.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Niambieni mlitengeneza nini mkiwa wadogo, hasa nyie wa Mlimba, Malinyi na Mahenge, najua mna mengi. Na kama una mtoto uliyewahi kuambiwa haelewi, andika, hata kwa jina la bandia. Tutakusoma.